Kishingo na Mayai ya Wote

Paukwa! Mbona kimya, mmekabwa na muhogo? Paukwa! Pakawa! Ahaa, sasa nawasikia. Pakawa banda, na bandani kuku.

Hapo zamani, zamani hasa, kwa Bi Mwanakheri palikuwa na kuku watatu. Jogoo Kuchi, mrefu kama mpini wa jembe. Kibete, mtetea mwenye miguu mifupi. Na Kishingo, asiye na unyoya shingoni.

Bi Mwanakheri alikuwa na desturi yake: mayai ya kuku wote humwekea mmoja ayaatamie. Mara hii alimwekea Kishingo. Basi Kishingo akayapenda mayai yale, hata maji alikunywa mbiombio arudi.

Nje kulikuwa na Kicheche, mla kuku, ana njaa. Lakini kuku wakikaa pamoja walimshinda kwa midomo. Akaja kwenye tundu la banda.

"Mzee Kuchi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hivi yule mwenye miguu mifupi naye ni kuku?"

Kuchi akatazama. "Kibete, wewe si kuku. Toka."

Kibete akatoka. Asubuhi yakaonekana manyoya tu. Kuchi akasema, "Kenda kwao."

Kicheche akarudi, mdomo unang'aa mafuta. "Mzee Kuchi, shikamoo. Na yule mwenye shingo tupu?"

"Kishingo, wewe si kuku. Jua likizama usiwe humu."

Kishingo akayafunika mayai kwa mbawa. "Baba, niache yaanguliwe kwanza. Nikitoka yatapoa, vifaranga watakufa."

"Toka."

Jua likashuka. Kicheche kakaa tunduni, anameza mate. Kishingo kainuka, moyo unamuuma. Mara, ko! Yai likapasuka. Ko! La pili. Ko! La tatu.

Wa kwanza ana miguu mifupi. Wa pili ana shingo tupu. Wa tatu, miguu mirefu na shingo tupu, katoka na unyevu wake, akamtunishia Kicheche kifua.

Kuchi akaduwaa. "Huyu wa nani?"

"Wako," akasema Kishingo. "Wote wako. Na huyo mfupi ni mtoto wa marehemu Kibete. Kama sisi si kuku, mbona wametoka vifaranga?"

Kuchi akalia. Jogoo mzima, analia.

Kicheche akaita, "Mzee Kuchi, jua limezama. Mtoe."

"Ingia umchukue mwenyewe."

Akaingiza kichwa, mjinga yule! Wakamdonoa huyu huku, yule huku, akatimka na jicho moja.

Kuchi akamfunika mtoto wa Kibete kwa bawa lake. Yule mtoto akauliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Mmesikia, wanangu? Msimpime mtu kwa miguu wala shingo. Mnaoweza kuzaa pamoja ni wa jamii moja, na anayekutenganisha na wenzako, mtazame mdomo.

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwafaa, nendeni nayo. Isipowafaa, niachieni nilale nayo.