Daktari wa Walionyamaza

"Aliaye ana pumzi, mtazame aliyenyamaza." Mmemsikia nesi wa zahanati akimwambia hivyo yule bwana aliyekuwa akipigia kelele jino lake, nanyi mkarudi nyumbani mnacheka. Chekeni tu, lakini kaeni chini, maana methali hii si ya wale wahenga mnaowasingizia kila kitu. Wenyewe nawajua kwa majina, na chanzo chake ni hiki.

Wakati wa vita vya mpakani, jeshi liligeuza shule yetu kuwa hospitali. Daktari wake alikuwa Kapteni Likungu, mtu wa Masasi, mrefu, mwembamba, mwingi wa maneno. Kati ya watu wa Masasi na sisi wa Bukoba hakuna utani wowote wa jadi, lakini yeye alijitangaza mwenyewe kuwa mtani wetu. Akiletewa ndizi za kupika husema, "Nyinyi watu hamna subira. Si mngezingoja ziive?" Kisha humaliza sahani nzima na kuulizia nyingine.

Siku moja Kemilembe alimfikisha pale mumewe, Rwezaura, kwa machela ya miti. Bomu lilikuwa limewaangushia ukuta wa nyumba na kumvunja mguu. Walikuwa wameoana miezi minne tu. Rwezaura alilia mpaka watu wakaziba masikio. Kapteni alimtupia jicho, akamruka, akaenda kupiga magoti kando ya askari aliyelala kimya kama mtu aliyesinzia.

Kemilembe alimkamata shati. "Daktari, mume wangu anakufa."

"Shemeji, mumeo analia. Aliaye ana pumzi. Anayenitisha mimi ni huyu aliyenyamaza."

"Sema tu ni kwa sababu huyo ni askari mwenzako."

Kapteni alikandamiza kitambaa kiunoni mwa askari. "Niachie shati," alisema taratibu, "unishikie hapa. Bonyeza kwa nguvu."

Alibonyeza, tena kwa hasira. Ndipo alipoona damu iliyotuama chini ya mgongo wa yule askari, akaelewa. Askari alipona. Mguu wa Rwezaura ulinyooshwa mchana uleule, naye akaporomosha matusi ya Kihaya ambayo Kapteni aliomba atafsiriwe moja baada ya jingine.

Tangu hapo Kemilembe hakuondoka. Alichemsha vitambaa, akajifunza kufunga vidonda. Gari la majeruhi likija, hakukimbilia kelele. Alipita kwanza kwa walionyamaza, akiwagusa shingo mmoja mmoja. Kapteni akimwona hucheka, "Shemeji, utaninyang'anya cheo." Kemilembe alimpenda kama kaka wa tumbo moja, wala hakuona haya kulisema.

Ikafika asubuhi moja kombora likaanguka uwanjani, mbele ya mlango wa darasa. Vumbi lilipotulia, walioumia walikuwa kumi na tisa. Kapteni aliinuka, akafunga vifungo vyote vya koti lake la jeshi mpaka shingoni, akaanza kazi. Kemilembe alipita kwa kila aliyenyamaza, kama alivyofundishwa. Mara mbili alimwita Kapteni, na mara mbili alikuja. Hakutania hata neno. Kemilembe alidhani ni uchovu.

Adhuhuri, majeruhi wa mwisho alipokwisha kufungwa, Kapteni aliketi chini akaegemea ukuta. Hakuinuka tena. Walipomvua koti wakakuta kipande cha chuma kilichomwingia ubavuni tangu asubuhi. Siku ile hakufa mtu mwingine ila yeye.

Vita vikaisha. Mwaka uliofuata mama yake Kapteni, Bibi Asumini, alisafiri siku nne kutoka Masasi ili aonyeshwe kaburi la mwanawe nyuma ya shule. Kijiji kizima kilitoka kumpokea, na wanawake walilia kilio cha kujitupa chini. Kemilembe peke yake alisimama mbali, macho makavu. Tangu maziko hakuwa ametoa chozi wala kulitaja jina la Kapteni. Aliogopa yule mama atamuuliza alikuwa wapi asubuhi ile.

Bibi Asumini aliwashukuru waliokuwa wakilia, akawapita, akamwendea yeye moja kwa moja.

"Na wewe, mwanangu, mbona kimya?"

"Niliwatazama wote walionyamaza, mama," Kemilembe alisema. "Yeye tu sikumtazama. Alinyamaza asubuhi nzima mbele ya macho yangu."

Bibi alimshika mikono yote miwili. "Tangu mdogo alikuwa hivyo. Akilia, niliendelea kutwanga mtama wangu, nilijua ni mzima. Akinyamaza, nilitupa mchi nikaenda kumtafuta. Hayo aliyokufundisha aliyapata kwangu. Na siku ile, hata ningekuwepo mimi niliyemzaa, angenificha."

Kilio kikamtoka Kemilembe, kikubwa kuliko vya wote waliokuwapo. Majirani walikuja mbio kumnyamazisha, lakini Bibi Asumini aliwazuia kwa mkono.

"Mwacheni alie," alisema. "Sasa nimejua ana pumzi."

Nesi wenu amelipokea neno hilo kwa nesi aliyemtangulia, na huyo alilipokea kwa Kemilembe mwenyewe. Basi mkilisikia tena, wajukuu zangu, kabla hamjacheka angalieni kwanza nani kati yenu hajasema kitu: aliaye ana pumzi, mtazame aliyenyamaza.