Ua la Masika la Bibi Persida

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, maana magreda yalikwisha panda milimani na simu zilikwisha jaa mifukoni, aliishi Usambara mjane mmoja, Bibi Persida, na watoto wake watatu. Sogeeni. Mwenye haraka ya kuhukumu aketi nyuma.

Mumewe alipokuwa hai, kila masika yalipoanza aliingia msituni akamletea mkewe ua moja. Mnalijua: lile la kitunguu, linalochomoza ardhini na mvua za kwanza, jekundu, la duara, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Mzee alipokufa, ua halikuja tena. Kisha macho ya Bibi Persida yakaanza kufunga. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha potea hakirudi. Bibi akawaita watoto wake.

"Wanangu, naona kwa kitundu tu, na kitundu chenyewe kinaziba. Atakayenionyesha ua la baba yenu kabla hakijaziba, bustani hii na nyumba iliyomo ni vyake. Nimesema."

Watoto wakatazamana, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na kwake. Zefania, mkubwa, kibarua wa barabara, alikuwa akiishi ukweni, na mwanamume kuishi ukweni mnajua anavyokula akiwa ameinamisha kichwa. Yefta, mdogo, mpiga picha za harusi, alikuwa na mchumba aliyechoka kungoja. Na wa kati, Tabita, alikuwa ameachika, akarudi kwa mama na begi moja. Kila alipofagia ua wa nyumba ile alijiuliza, mama akifumba macho, nitafagia wapi?

Sasa sikieni la Zefania. Barabara mpya ilipita msitu uleule. Siku moja greda likiwa linasukuma udongo, Zefania aliona kitunguu kimoja kinabingirika, na juu yake kichipukizi chekundu. Alijitupa mbele ya greda, mikono juu. Dereva alifunga breki akimtukana. Zefania akakiokota, akakitia ndani ya kofia yake ya kazi. Msimamizi akaja mbio.

"Kofia niachie hapa. Na kesho usije."

Zefania aliacha kofia, akatia kitunguu ndani ya shati, akateremka mlima bila kazi.

Sikieni na la Tabita. Alikipokea kitunguu kile kwa kaka yake, akakipanda nyuma ya nyumba ya mama, kwenye kivuli cha mparachichi, akakifunika kwa majani yaliyooza. Masika ya kwanza, majani matupu. Kiangazi kikaja, majani yakanyauka, majirani wakasema, "Kimekufa hicho, dada." Moyo wa Tabita haukutulia. Alitoka na jembe ili afukue atazame, akafika, akaogopa kukikata, akarudi na jembe. Kesho yake akatoka tena, akarudi tena. Maji hakukipa, kisije kikaoza.

Masika ya pili, majani matupu. Na moyo haukutulia, maana nungunungu alikuwa amefukua viazi vya jirani. Tabita alikata miiba akakizungushia uzio, mikono ikamtoka damu.

Masika ya tatu, kikachomoza kinundu chekundu! Tabita alipiga kigelegele peke yake bustanini. Lakini furaha yake haikufika jioni, kwani jicho la mama lilimuuma vibaya, ikabidi alazwe hospitali ya mjini, naye Tabita akaenda kumuuguza.

Siku ya tatu simu ya Yefta ikaingia. "Dada, limefunguka lote!"

Moyo wa Tabita haukutulia tena. Ua lile hukaa wiki moja tu. Mvua ya mawe ikinyesha? Mbuzi wakikata kamba? Aliwaza mpaka akampigia ndugu yake.

"Yefta, mdogo wangu, lipige picha. Lisije likapatwa na jambo."

"Nitalipiga, dada. Ila miiba yako inaziba."

"Iondoe kidogo, halafu uirudishe."

Maneno hayo yashikeni.

Yefta aliondoa miiba, akafagia majani, akalala kifudifudi matopeni. Alipiga picha arobaini, zote akazikataa. Alingoja mpaka mwanga ukapenya kwenye mparachichi ukaligusa ua kwa ubavu, akapiga ya arobaini na moja, na hiyo ikawa yenyewe. Mara mvua ikamwagika. Yefta akavua shati akafunika kamera, akakimbilia ndani. Miiba ikabaki pale ilipolala.

Asubuhi palikuwa na shimo, na kando yake mwiba mrefu wa nungunungu. Alikula ua, akala na kitunguu.

Mchana wake Bibi Persida akarudi nyumbani, kashikwa mkono na Tabita. Yefta akampa picha iliyosafishwa dukani. Bibi akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akaipeleka mbali, mpaka ikaingia kwenye kile kitundu chake.

"Nimeliona," alisema. "Baba Zefania, nimeliona!" Akacheka, akalia. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, sasa nipelekeni nikaliguse."

Zefania, aliyekuja kumpokea mama, ndiye aliyemweleza habari ya shimo. Bibi akasema, "Neno langu liko palepale. Semeni."

Zefania akasema, "Mama, nilisimama mbele ya greda. Kazi yangu ilikwenda na kitunguu kile. Bila mimi, huyu angepanda nini, na huyu angepiga nini?"

Yefta akasema, "Mama, ulisema atakayekuonyesha. Ua umeliona mkononi mwangu. Nimekosa kwa miiba, sikatai, lakini bila picha ungeliona wapi?"

Tabita akasema, "Misimu mitatu, mama, nimekilinda. Bila Yefta kuiacha miiba chini ungeliona lenyewe, ukaligusa."

Alipokwisha kusema hivyo alimtazama Yefta. Yefta naye alikuwa akimtazama. Ile simu ya kuomba picha na kuondoa miiba waliijua wao wawili tu, na Yefta hakuitaja. Tabita akalifikiria begi lake moja, akalifikiria lile shimo, akaona aibu na hofu pamoja. Si hofu yake iliyomwita mpiga picha? Na si hofu hiyohiyo iliyompa mama picha?

Bibi Persida, aliyekuwa bado kamshika mkono, akamgeukia.

"Tabita, mwanangu, mbona unatetemeka?"

Hapo ndipo ninaposhusha mzigo, maana umenishinda. Mama anangoja jibu, na kitundu kinaziba. Zefania alikiokoa, Tabita alikilea, Yefta alikipoteza, lakini ua lake akalihifadhi pichani. Haya, ninyi mlioketi mbele na wewe mwenye haraka huko nyuma: kati ya hawa watatu, je, ni nani hasa aliyemwonyesha mama ua lake?