Ndoo Zenye Sura ya Diwani

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, kabla bando halijapanda bei mara ya mwisho, palikuwa na mtaa unaitwa Dimbwini. Jiji silitaji. Nina mambo yangu ya kutosha, sitaki kuitwa ofisini kwa mtu. Nyie sikilizeni, na wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi. Hadithi hii inawapa kazi moja: kila nikiuliza "Mtaro je?", mnijibu "Umejaa." Tujaribu. Mtaro je?

Vizuri. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Pale Dimbwini palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na ukingoni mwa mtaro kilikuwepo chumba cha Bi Tausi, fundi cherehani. Mtaro ulikuwa umezibwa na mchanga, chupa, na godoro moja ambalo mwenyewe hakuwahi kujulikana. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na pa kwenda, basi yakaenda kwa Bi Tausi. Kila masika alipandisha cherehani juu ya meza, akapandisha vitambaa vya watu juu ya kabati, akashika ndoo, akachota.

Mwaka huo maji yaliingia yeye akiwa msibani. Aliporudi alikuta sare kumi na moja za shule zimelowa tope. Wazazi walizitazama, wakasema pole, wakapeleka kazi kwa fundi mwingine. Bi Tausi alikuwa na miaka sitini na minne na goti lake la kushoto lilikuwa halikunji. Alisema wazi kwamba masika mengine hatayaweza.

Sasa, Bi Tausi alikuwa na vijana wake watatu. Hakuwazaa, aliwashonea sare tangu darasa la kwanza, na wakati mwingine alishona kwanza, akaulizia wazazi wao baadaye. Nasema vijana, ingawa wote walikuwa wamepita thelathini na tano. Kwetu hapa mtu ni kijana mpaka apate kisukari.

Wa kwanza aliitwa Kibwana, mwimbaji wa singeli. Wa pili Shani, aliyekuwa akicheza na kurekodi video, na watu laki mbili walimfuata mtandaoni. Wa tatu Gwakisa, msomi wa siasa, mwenye kipindi chake cha mtandaoni kiitwacho Jiji Letu, alichokirekodi chumbani blanketi likiwa limeziba dirisha. Kila mmoja alipanga chumba chake palepale mtaani.

Walipoziona zile sare zimeanikwa na tope lake, walikaa kibarazani kwa Bi Tausi, wakaapa. Wakasema, "Bi Tausi, masika yajayo huchoti maji." Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na diwani wao, Mheshimiwa Mapande, alikuwa amekaa miaka mitano bila kuugusa ule mtaro. Kiapo kilikuwa cha kweli. Wote watatu walilia kidogo, hata Kibwana.

Gwakisa akaanza. Aliandika barua saba, zenye kumbukumbu namba na viambatanisho. Ofisi ya kata ikamjibu mara moja tu: barua yako imepokelewa. Mtaro je?

Kibwana akafuata. Alitunga wimbo, na wimbo ulikuwa moto: "Diwani chota, na mimi nachota, ndoo ya kwanza yako, ya pili ya shemeji yako." Ubeti wa tatu uliutaja mtaro, ukalitaja godoro, ukaitaja miaka mitano, bila kupepesa macho. Mtaro je?

Shani akautungia mchezo. Unainama, unachota, unamwaga begani, unajifuta jasho. Wiki tatu hazikuisha, jiji zima lilikuwa linachota. Maharusi walichota ukumbini. Watoto wa chekechea walichota kwenye mahafali yao, na majoho yao madogo. Wazee wa kanisa walikataza, kisha nao wakaonekana wanachota. Na mtaro je?

Mnajibu kwa unyonge. Ndiyo kwanza tumeanza.

Akajitokeza wa kushindana na Mapande, Mwalimu Prisca, mstaafu aliyefundisha hisabati. Mwalimu alikuja Dimbwini na futi kamba. Akaupima mtaro urefu, akaupima kina, akaandika kwenye daftari la hesabu. Akasema, "Mita mia mbili na kumi. Ukizibuliwa na kufunikwa, maji yatafika bondeni." Akasema hivyo hivyo kwenye kila mkutano, kwa sauti ile ile. Video yake ilitazamwa na watu thelathini na wawili, na kumi kati yao walikuwa ni Gwakisa.

Wakati huo daftari la wapiga kura lilikuwa wazi kwa waliohama makazi. Gwakisa alikuwa na kundi lake la wapangaji wageni, watu arobaini, na yeye mwenyewe wa arobaini na moja, ambao majina yao yalikuwa bado kule walikotoka. Maana na yeye, baada ya chuo, aliishi kwa dada yake upande wa pili wa jiji, na jina lake lilibaki huko. Kila mmoja alitaka kwenda kujiandikisha kivyake. Gwakisa akawaambia wamsubiri, atawapeleka wote pamoja Jumamosi, siku ya mwisho, wapige na picha. Jumamosi ikafika. Gwakisa akaalikwa kwenye mjadala wa moja kwa moja redioni. Mada ilikuwa: kwa nini vijana hawapigi kura? Alizungumza vizuri sana. Alipotoka studio, kituo cha kujiandikisha kilikuwa kimefungwa.

Mimi sisemi kitu. Nasimulia tu.

Kampeni zikaanza. Mapande hakuwa mjinga. Angekasirika, wangemshinda. Hakukasirika. Alimwita Kibwana, akamkaribisha soda, akamwambia, "Mdogo wangu, una kipaji. Nipe huo wimbo niutumie mikutanoni, na wewe mwenyewe upande jukwaani uuimbe. Kiitikio tu. Ule ubeti wa tatu ni mrefu, watu wanachoka."

Kibwana hakuomba hata shilingi, namtetea kwa hilo. Lakini lilikuwepo jukwaa lenye spika nane na taa za rangi, na yeye maisha yake yote alikuwa ameimba kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, na spika ya kuazima. Akajiambia, ubeti wa tatu watu wanaujua, wataumalizia wenyewe. Akapanda jukwaani. Watu hawakuumalizia.

Kisha Mapande akaenda kwa Shani na ndoo mkononi. Akamwambia, "Binti yangu, nifundishe." Shani akacheka moyoni, akaona huyu sasa anajimaliza mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake. Akawasha kamera. Mapande akacheza vibaya sana, vibaya mpaka Shani akaona aibu, maana video mbovu haiwezi kutoka na jina lake. Akaizima kamera. Akamfundisha. "Si hivyo, Mheshimiwa. Moja, mbili, inama, chota. Bega, Mheshimiwa, bega." Walianza saa nne asubuhi, na kufikia alasiri Mapande alikuwa anachota kama aliyezaliwa nayo.

Video ikatazamwa na watu milioni moja. Siku ya kwanza walimzomea. Siku ya pili wakakisifu kiuno chake. Siku ya tatu wakasema huyu ni mwenzetu.

Halafu zikaja ndoo. Ndoo za plastiki za lita kumi, kila moja na sura ya Mapande ikitabasamu, nyumba kwa nyumba. Mtu aliyepaswa kuyaondoa maji anakuletea ndoo ya kuyachotea, na wewe unasema ahsante, Mungu akuzidishie. Hapa huwa naishiwa nguvu. Nipeni maji ya kunywa. Na mtaro je?

Siku ya kura ikapita. Mapande akashinda kwa kura kumi na tisa.

Masika yakaja. Jumanne moja asubuhi mvua ilimwagika, maji yakapanda kwa Bi Tausi kama kawaida yake. Akapandisha cherehani juu ya meza. Meza ilikuwa imekula maji miaka yote hiyo, miguu yake imeoza. Ikavunjika. Cherehani ikazama kwenye tope, na Bi Tausi akaangukia lile goti.

Majirani walimtoa, wakaitoa na cherehani, wakaiweka barabarani juu ya matofali manne. Bi Tausi akakaa pembeni yake kwenye kigoda, akatuma watu wamwitie vijana wake. Wakaja wote watatu. Wakamwamkia, akaitikia. Kisha akasema:

"Mimi humo sirudi. Mwanangu yuko Songea na watu tisa ndani. Kati yenu yupo aliyemrudisha Mapande. Huyo ndiye atakayenipokea, mimi na cherehani yangu, mpaka mtaro uzibuliwe. Ikiwa ni miaka mitano, basi ni miaka mitano. Semeni ni nani."

Hakuna aliyesema ni mimi.

Kibwana alisema, "Bi Tausi, mimi niliimba ukweli kabla ya mtu yeyote. Mtaro ule kaujulisha nani kwa jiji zima kama si mimi? Mtu hachaguliwi kwa kiitikio. Huyu alichaguliwa kwa kucheza, na aliyemfundisha kucheza unamjua. Halafu chumba changu kimejaa spika, Bi Tausi, usingizi utautafuta."

Shani alisema, "Mimi kazi yangu kufundisha watu kucheza. Wewe fundi, Bi Tausi, mtu mbaya akikuletea kitambaa, hushoni? Utamshonea upogo makusudi? Kura nilipiga, nilipanga foleni toka saa moja. Kashinda kwa kura kumi na tisa, na Gwakisa aliwakalisha watu arobaini wakimsubiri. Alikuwa redioni anatueleza sisi tuna matatizo gani."

Gwakisa akavua miwani, akaifuta. Akasema, "Hao arobaini, nani anajua wangemchagua nani? Walikuwa wanachota kama wengine. Mimi niliandika barua saba. Nyie mliandika ngapi? Wimbo ulikuwa na meno, Kibwana akayang'oa kwa ajili ya taa za rangi. Yule mtu alikuwa anakwenda kuaibika, Shani akamuokoa ili video itoke safi. Mimi nilichelewa. Kuchelewa na kusaidia ni kitu kimoja?"

"Wewe ulichelewa na watu arobaini mkononi," alisema Shani.

"Na wewe ulimshika bega," alisema Kibwana.

"Na wewe ulishika kipaza sauti chake," alisema Gwakisa.

Waligombana mpaka majirani wakachoka kusikiliza. Bi Tausi akanyanyua mkono.

"Mmemaliza? Basi niwaambie na mimi. Mimi kura yangu nilimpigia Mapande."

Shani akauliza polepole, "Kwa nini, Bi Tausi?"

"Aliniletea ndoo. Akaniuliza hali ya goti. Akacheza hapa mlangoni, nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu zile sare. Yule Mwalimu wenu alipita hapa mara tatu, kapima mtaro mpaka kizingitini kwangu, hata hali hakunijulia. Macho kwenye futi kamba tu."

Gwakisa akashusha pumzi. "Kumbe basi," alisema. Na wote watatu, bila kuambiana, wakarudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua ndiyo inayoniudhi kuliko yote niliyowasimulia. Bi Tausi aliiona.

Akasema, "Kura yangu ni moja. Nililetewa ndoo, nikachukua, mimi ndiye ninayechota. Lakini mimi sikumwapia mtu. Nyie mliapa, kibarazani kwangu, mkalia."

Mvua ikaanza tena. Bi Tausi akaichukua ile ndoo, akaifunika juu ya kichwa cha cherehani isizidi kulowa, na sura ya Mapande ikageukia barabarani, inatabasamu. Akainuka kwa kushika ukuta. Mbele yake ilikuwepo milango mitatu ya vyumba vya kupanga, yote imefungwa, na wenyewe wamesimama na funguo mfukoni wakitazama chini.

Sasa msiniambie aende kwa diwani, diwani simu yake haipokelewi. Wala msiniambie wapokezane mwezi mwezi. Cherehani ile ni ya chuma, na goti la Bi Tausi si la kuhamahama. Msiniambie na kwamba kosa ni lake, maana aliyesema hivyo wa kwanza nimemwona mimi kwenye harusi ya mwezi uliopita, akiinama na kuchota mbele ya ukumbi mzima, suti na yote.

Mtaro je?

Basi jibuni na hili: Bi Tausi abishe hodi mlango wa nani?