Kakakuona na Nguchiro Walivyogombea Wateja wa Bongo za Kompyuta

Niwaanzie?

— Tuanzie!

Mko macho?

— Macho kodo!

Zamani, zamani sana, wanyama walisema kama sisi na kutumia kompyuta kama sisi. Fundi wa bongo za kompyuta alikuwa mmoja tu, Kakakuona. Ubongo wa kompyuta ni kidude kidogo kama ukucha, lakini bila hicho mashine haifikiri. Kila ubongo aliuwasha siku tatu, akaupima joto, ndipo akauuza pishi kumi za mtama. Wanyama walinung'unika, wakalipa. Wangeenda wapi?

Mara akaja Nguchiro, akafungua duka ng'ambo ya njia. "Bongo! Bongo zenye kasi! Pishi nane!"

Wanyama wakahamia kwake mbio. Kakakuona akikaa hakaliki, akisimama hasimamiki. Akapaza sauti: "Kwangu sita!"

Wanyama wakarudi mbio. Nguchiro akazunguka dukani kama aliyeingiwa na siafu. "Kwangu nne!"

Wanyama wakahama tena, wakicheka.

Mke wa Kakakuona akasema, "Mume wangu, pishi nne hazirudishi hata gharama."

"Najua. Lakini yule akifunga duka, mimi nitapandisha hadi kumi na tano."

"Na leo tule nini?"

Kakakuona akarudi kazini. Akaacha kupima. Ubongo uliotengenezwa asubuhi, adhuhuri uko dukani. "Kwangu mbili!"

Bi Kanga akanunua ule wa pishi mbili. Alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, na ndani mlikuwa na mayai arobaini, yake na ya jirani zake. Siku ya tatu ubongo ukachemka, ukazimika, na mashine ikazidi moto. Kanga akayatoa mayai kwa mabawa yake, akaungua. Tisa yalikuwa yameiva.

Akayaweka mbele ya Kakakuona.

"Kaka, ule ubongo uliupima?"

"Dada yangu, unajua siku hizi..."

"Uliupima, hukuupima?"

"Sikuupima."

Wanyama wote wakasikia. Kakakuona akafunga duka.

Siku ile ile Nguchiro akaandika bei mpya: pishi kumi na tano.

"Si jana tu ulikuwa unauza nne?" akauliza Kanga.

"Jana tulikuwa wawili," akajibu Nguchiro.

Kanga akabaki katikati ya njia, mara aende huku, mara arudi kule. Mwishowe akabisha kwa Kakakuona.

"Fungua duka."

"Baada ya niliyokutendea?"

"Sijakusamehe. Nataka ubongo, nao utaupima mbele ya macho yangu. Niambie bei ya kweli."

Kakakuona akafikiri. "Saba. Chini ya hapo nitaanza kulipua kazi."

Kanga akakaa pale siku tatu, akitazama. Siku ya nne akalipa saba, akaondoka na ubongo wake. Jirani zake wakafuata. Jua halijazama, Nguchiro amefuta kumi na tano, ameandika saba.

Tangu hapo Kakakuona, akisikia kishindo chochote, hudhani kuna mtu anataja bei ya chini zaidi. Hujikunja mviringo, akaficha uso.

Basi jamani, anayeshusha bei ili ammalize mwenzake, anayeumia ni mteja. Nasi wateja tusishangilie duka moja likifungwa, maana litakalobaki ndilo litakalotupangia bei.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.