Doa Jekundu Kwenye Picha

Soma hii bila haraka, kisha mfikishie mwingine.

Mpiga picha aitwaye Galgalo alipiga hema na mwalimu wake, Bi Tume, katika milima ya mawe kando ya jangwa la Chalbi. Bi Tume ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Siku hizi goti lilimsumbua.

Alfajiri wakaanza kupanda ili wapige picha jua linapochomoza.

"Nitakuchelewesha," mwalimu akasema. "Beba maji, tangulia. Nitafuata nyayo zako."

"Utaweza, Mwalimu?"

"Kilichozeeka ni goti, macho bado. Nenda!"

Galgalo akapita mahali makorongo yanapogawanyika, akapanda mteremko wa mchanga hadi juu. Alipogeuka, akaona nyayo zake zimeukata mchanga katikati. Yeye alitaka picha isiyo na dalili ya mtu. Akavunja tawi, akashuka, akazifuta zote mpaka kule makorongo yanapogawanyika, kisha akarudi juu kwa kupitia mawe.

Jua likatoka. Akapiga picha. Pembeni palikuwa na doa jekundu. Akapangusa lenzi, akapiga tena. Doa palepale. Akasogeza kamera kidogo, likatoka. Picha ikawa safi.

Akakaa kumngoja mwalimu. Jua likapanda, mawe yakaanza kuchoma. Bi Tume hakutokea. Galgalo akaita, akajibiwa na mwangwi. Alipoutazama ule mchanga alioufagia, akaelewa kosa lake. Alikuwa amefuta njia, na maji yote alikuwa nayo yeye.

Angemtafutia wapi? Makorongo yalikuwa mengi. Akawasha kamera, akarudi kwenye picha ya kwanza, akalikuza lile doa.

Ilikuwa leso. Bi Tume alikuwa amesimama kwenye korongo la upande wa pili, akiipunga.

Galgalo akateremka mbio. Alimkuta ameegemea jiwe, midomo imekauka, hawezi hata kusimama. Akamnywesha maji kidogo kidogo mpaka sauti ikamrudia.

"Nyayo ziliisha ghafla," Bi Tume akasema. "Nikadhani umeota mabawa. Nikashika korongo hili kwa kubahatisha. Nilipokuona kule juu nikapunga. Kamera ilinielekea kabisa, nikajua umeniona, unakuja."

Galgalo hakuweza kumtazama usoni.

"Nilikuona, Mwalimu," akasema. "Nikakutoa kwenye picha."

Funzo: Kinachoonekana kuharibu uzuri wa kazi yako, kitazame mara mbili kabla ya kukiondoa, huenda ni mtu anayekuomba msaada.