Kwa Nini Mrehani Hukatwa Kilele

Shikeni kila mmoja kitawi chake, mchambue majani taratibu, na masikio mnipe mimi. Mkishajaza hayo mabakuli nitakuwa nimemaliza. Mmeniuliza kwa nini mrehani hukatwa kilele, na kwa nini majani yake hayaingii chunguni mpaka chungu kiipuliwe. Yote mawili yalianzia kwenye ua wa nyumba moja.

Zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, mrehani ulikuwa na shina moja tu, jembamba, lililonyooka kama mwiko. Haukuwa na tawi. Ulirefuka, ukatoa majani machache, ukachanua, ukakauka, basi. Aliyejaliwa kuwa nao aliuzungushia uzio wa makuti, na hakuna aliyethubutu kugusa kilele chake, kwa kuwa watu waliamini uhai wa mmea unakaa hapo.

Katika mji wa Shungi aliishi Mwanashee, mpishi aliyeitwa kwenye kila harusi na kila hitima. Nanyi mwajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanashee alikuwa hashauriki tena na mtu. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mrehani mmoja. Jirani yake Mafunda, mwanamke mfuga mbuzi, alipokuja kuomba jani la kutia kwenye samaki wake, aliambiwa kwamba mrehani si mchicha. Akarudi mikono mitupu.

Mwaka huo mama mkwe wa Mwanashee, Bi Mwanatumu, aliugua homa. Homa ikaondoka, ikamwachia mdomo mchungu. Uji aliusukuma, samaki aliwageuzia uso. Bangili zilizokuwa zikimbana sasa ziliteleza mpaka kiwikoni. Mwanashee aliingiwa na hofu, maana huyu ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, na alimpenda kama mama aliyemzaa. Basi siku moja mgonjwa akasema angejaribu mchuzi wa kunde wa nazi, wenye majani ya mrehani.

Mwanashee alichuma majani yote ya chini, akayatia chunguni na kunde tangu asubuhi, akachochea kuni. Aliamini kwamba moto mwingi ndio utoao harufu. Na kweli harufu ilitoka. Ilipanda na mvuke, ikapita juu ya paa, mtaa mzima ukameza mate. Kufika adhuhuri chunguni haikubaki hata chembe. Bi Mwanatumu alionja mara moja, akalisogeza bakuli.

"Mwanangu," alisema, "umewapikia majirani."

Kesho yake Mwanashee akachuma majani ya katikati, akaongeza kuni. Mambo yakawa yale yale. Sasa mmea ulibaki na kilele peke yake, na mgonjwa hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa.

Siku ya tatu alipika kunde bila jani lolote, kwa kukata tamaa. Alikuwa ndiyo kwanza ameipua chungu aliposikia makuti yakivunjika. Mbuzi wa Mafunda alikuwa ndani ya uzio, na kilele cha mrehani kimo mdomoni. Mwanashee alimrukia. Mbuzi akameza nusu, nusu ikaanguka chini. Mafunda akaja mbio, akamkamata mbuzi sikio, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Mwanashee aliketi palepale chini. Alilia kama mtoto, kwa kuwa aliona mmea umekufa na mama yake atafuata.

Mafunda ndiye aliyeokota yale majani. Aliyaosha mara tatu, akamletea kiganjani.

"Shoga, moto usiuwashe tena," alisema. "Siku mbili harufu yote imekuja kwangu. Yatie hivyo hivyo, ufunike."

Mwanashee hakuwa na nguvu za kubishana. Akayatia, akafunika, akachukua chungu mpaka kitandani kwa mgonjwa. Alipofunua, harufu yote ilikuwa ingali mle ndani. Bi Mwanatumu alivuta pumzi ndefu, akanyoosha mkono mwenyewe bila kusaidiwa. Alimaliza bakuli, akataka jingine. Mwanashee na Mafunda walishikana mikono, wakalia tena, safari hii kwa furaha.

Baada ya siku saba lile shina lililotafunwa likachipua vitawi viwili ubavuni. Mwanashee akavikata vilele, vikatoka vinne. Akacheka peke yake uani, akajua kwamba mbuzi amemshinda akili. Kitawi cha kwanza hakukitia chunguni. Alikipeleka kwa Mafunda, akakichomeka kwa mkono wake karibu na mlango wa jiko la jirani huyo. Yale makuti ya uzio waliyawashia moto wakapika pamoja.

Na tangu siku hiyo mrehani hukatwa kilele kabla haujachanua, nao hujibu kwa matawi. Majani yake hungoja chungu kiipuliwe. Hupandwa mlangoni pa jiko, bila uzio, na jirani akipita huchuma bila kuuliza. Mbuzi tu ndiye hufungwa, ingawa yeye ndiye mwalimu wetu.

Bi Mwanatumu naye aliishi mpaka bangili zikambana tena.

Haya, leteni hayo majani. Chungu nimeshaipua, na mmoja wenu akamwite jirani.