Kidole cha Msomaji

Ndugu zangu, leo sina nguvu ya mahubiri marefu. Nitawasimulia habari za mtu mmoja, halafu tuombe.

Kulikuwa na mzee mmoja asiyeona, msomaji wa somo la kwanza kanisani kwao. Alisoma maandishi ya nukta nundu kwa ncha ya kidole kimoja cha mkono wa kulia. Kidole kile ndicho kilikuwa macho yake. Siku moja aliteleza uani, akashika bati la uzio asianguke, likamkata kwenye kifundo cha mkono. Neva inayopeleka hisia kwenye kidole ikakatika.

Daktari aliishona, akamwambia, "Mzee, neva inaota upya, lakini polepole mno. Kwa mwezi mzima inasogea kama urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Nipe miezi saba, Mungu akipenda utasoma tena. Usifungue bandeji, usikande. Aiguse nesi tu."

Mzee akakubali. Lakini si mnatujua? Mtu akiumia kwetu, nani atakaa nyumbani asiende kumpa pole? Na ukishafika, utaondoka bila kuona jeraha? Walikuja akina mama wa jumuiya, wakaja wazee, ikaja kwaya nzima na viatu vyao mlangoni. Kila aliyekuja alisema, "Hebu tuone." Bandeji inafunguliwa. "Ilikuwaje vile?" Mzee anasimulia. Mama mmoja anaomba maji ya moto na chumvi, anakanda, anakiminya kidole.

"Baba, unasikia hapa?"

"Sisikii."

"Jamani! Pole sana."

Kesho yake wanakuja wengine. Ikawa hivyo miezi minne. Mkewe alichoka kuchemsha maji. Akamwuliza, "Baba, niwaambie sasa basi?" Mzee akajibu, "Waache, mke wangu. Ni upendo."

Aliporudi hospitali, mkono ulikuwa umevimba na unawaka moto. Daktari akaukagua, akasema:

"Mzee, mwili ukikatwa unapiga yowe. Kwenye jeraha zinatoka kemikali ndogo sana ambazo kazi yake ni kuita: njooni, tumeumia! Askari wa mwili wanakuja, wanazoa uchafu, wanaisafishia neva njia. Yowe hilo ni jema, linaisaidia neva kuota. Lakini linatakiwa liishe. Mkono wako haujanyamaza tangu siku ile. Kila ukifunguliwa na kuminywa, unaita upya, askari wanajaa, na kovu linaota pale ambapo neva ingepita. Imefika katikati ya kiganja, imesimama."

"Wageni wangu walikuwa na nia njema, daktari."

"Najua. Ila bandeji nani alikuwa anaifungua?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Mimi," akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nawanyoshea mkono mwenyewe. Kabla sijaumia, watu walikuwa wakinisalimia mlangoni pa kanisa na kwenda zao. Nilipoumia, wakaja kukaa na mimi."

Nawaambia kweli, hapo mimi simcheki. Namwonea huruma. Lakini kidole kile hakikusoma tena.

Sasa sisi. Nani hapa hajui jeraha letu? Ugomvi wa kwaya una miaka mitatu. Siku ile ulipotokea, kelele zilifaa. Waliotukanwa walilia, na kilio chao ndicho kilichotuamsha sisi viongozi. Aliyekosa alisimama hapa mbele, akakiri, akaomba radhi kwa machozi. Sisemi mtu akiumizwa anyamaze, msiniwekee maneno mdomoni. Nasema uchafu ulizolewa. Mbona basi mkono bado unawaka?

Kwa sababu kila Jumapili tunaufungua. Anakuja mgeni, hajamaliza hata mwezi, tunamkalisha pembeni tumwambie ilikuwaje. Tunamwendea yule mama aliyetukanwa siku ile tukiwa na nyuso za huzuni, tunamminya palepale: "Bado inauma?" Itaacha kuuma vipi? Tunauita upendo. Na yeye anatunyoshea mkono, maana tusipouliza habari ya lile jambo, ni lini tulimwuliza habari ya watoto wake? Ya mgongo wake? Ya shamba?

Mimi nimekaa vikao kumi na kimoja juu ya jambo hili. Nimechoka, wapendwa, nawaambia wazi. Kinachoniumiza zaidi si uchovu. Ni kwamba nimeona kitu kikianza kuota. Mwezi uliopita nimewaona wawili wa pande zile mbili wakishikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Kisha mmoja wetu akawafuata nje kuuliza, "Kumbe mmepatana?" Jumapili iliyofuata walikaa mbalimbali.

Aliyewauliza yumo humu. Ni mimi. Nitakapotoka madhabahuni, nitakwenda kuwaomba radhi.